Kadi haijaingizwa: nilivyojenga tovuti ya Kijapani kwa Kiswahili

Gereji ya mjomba wangu iko Kizota, Dodoma, pembeni ya barabara iendayo Singida, chini ya mwarobaini ambao upepo wa Julai huupaka vumbi hadi majani yakafanana na udongo. Nimekulia pale. Shule zikifungwa nilikuwa napeleka chai, nashika tochi, napanga nati kwenye makopo kwa ukubwa wake. Na karibu kila siku nilimsikia yule dada. Ukiwasha IST au Noah iliyotoka Japani, injini haijatulia bado, sauti ya kike inatoka kwenye dashibodi, laini, yenye adabu: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen."

"Shikamoo mjomba. Huyu dada anasemaje?"

"Marahaba mwanangu. Anatusalimia huyo."

Nikaamini. Kwa miaka mingi nilikuwa namwitikia kimoyomoyo, maana kwetu salamu haiachwi ikaanguka chini.

Dada huyo hasalimii mtu. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani bila gari kusimama, ulioanza kutumika huko mwaka 2001. Dereva anachomeka kadi kwenye kisanduku kidogo ndani ya gari, na lango linamtambua anapopita. Gari likishapanda meli kuja Dar es Salaam, kadi inabaki Japani na kisanduku kinakuja. Basi kila asubuhi, iwe Kizota, Nkuhungu au Nzuguni, dada anatimiza kazi yake: anamkumbusha dereva kwamba kadi haijaingizwa. Siku nilipoielewa sentensi hiyo kipande kwa kipande ndipo wazo la tovuti ya kufundisha Kijapani liliponiingia. Nitaifungua sentensi yenyewe mbele kidogo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Nilianza kujifunza Kijapani nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea kompyuta. Vitabu vyote nilivyopata vilikuwa vya Kiingereza. Ukurasa wa kwanza wa kila kimoja ulieleza irabu kwa maneno ya Kiingereza: "a" ni kama ya neno fulani lakini fupi kidogo, "e" ni kama ya neno lingine lakini usiiburute. Nilikaa na maelezo hayo jioni nzima nikijaribu kuipata sauti, kumbe Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na ninazo mdomoni tangu nilipoita mama. Tofauti ni ndogo, kama ile u yao isiyochongoa midomo sana. Jioni nzima nilikuwa nimepelekwa Uingereza kutafuta kitu kilichokuwa nyumbani.

Hata hivyo somo hilo sikulishika mapema. Tovuti yangu ya kwanza niliijenga kwa kutafsiri. Nilichukua mpangilio wa masomo kama vitabu vya Kiingereza vinavyoupanga, nikageuza maelezo kuwa Kiswahili, nikaweka mazoezi, nikaona kazi imekwisha. Mtu wa kwanza kuitumia alikuwa saidia fundi wa mjomba, kijana aliyemaliza kidato cha nne Bahi, ambaye alitaka kusoma vibandiko na maandishi ya kwenye magari anayoyafungua. Tulikaa kwenye benchi la gereji, simu mkononi, somo la vionyeshi. Nilikuwa nimeandika kwamba kore ni "hii", sore ni "ile", na are ni "ile ya mbali zaidi".

Aliisoma mara mbili. Akainua spana aliyoishika. "Hii ni kore." Akaonyesha tochi iliyokuwa mkononi mwangu. "Hiyo ni sore." Akanyoosha kidole kwenye jeki iliyolala ukutani. "Ile ni are. Sasa dada, mbona umeandika ile mara mbili, na hiyo tunayo?"

Sikuwa na jibu. Kiingereza kina vionyeshi viwili tu, ndiyo maana vitabu vyao hulazimika kuzunguka kueleza cha tatu. Kijapani kina vitatu: cha karibu na msemaji, cha karibu na msikilizaji, cha mbali na wote. Kiswahili kina vitatu vilevile: hii, hiyo, ile. Hiyo yetu ina kazi nyingine pia, ya kurejelea jambo lililokwisha kutajwa, na sore yao nayo inayo. Nilikuwa nimeibeba lugha yangu kwenye gunia, nikaimwaga njiani, nikamfikishia kijana gunia tupu. Usiku ule nilifuta masomo yote kumi na manne, nikaanza upya na swali moja juu ya kila ukurasa: Mswahili anajua nini tayari?

Tuanze na sauti. Silabi ya Kijapani huishia kwenye irabu, kama yetu, isipokuwa ile n inayosimama peke yake, ambayo nayo tunayo: n-ne, n-chi, m-tu. Mwandishi wa somo la Kiingereza atatumia ukurasa kueleza kwamba neno manga lina mapigo matatu, ma-n-ga. Sisi tunaosema "nta" na "nne" tunahitaji mstari mmoja. Neno lao la gazeti huandikwa shinbun na kutamkwa shimbun, kwa sababu n ikikutana na b hugeuka m. Ni jambo lilelile linalotufanya tuseme nyumba mbaya huku tukisema nyumba ndefu. Na irabu ndefu? Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Vitabu huweka kistari juu ya herufi na onyo kubwa chini. Mimi niliandika: kufa na kufaa. Hakuna Mswahili anayevichanganya hivi viwili. Kwa hiyo tovuti yangu haina vistari juu ya herufi. Irabu ndefu naiandika mara mbili, kama tunavyoandika kaa na choo, na kama tunavyozihesabu, ka-a, cho-o, mapigo mawili, ambavyo ndivyo Wajapani wanavyozihesabu pia.

Wote tumezoea kuvisha maneno ya wageni irabu ili yatamkike. Wao wana basu, sisi basi. Wao shatsu, sisi shati. Wao burashi na sisi burashi, herufi kwa herufi. Na kuna neno moja ambalo kila ninapolifundisha napata furaha: karata. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na wakafika Japani mwaka 1543. Walichezea karata kila walipotia nanga. Sisi tukabaki na karata, Wajapani wakabaki na karuta. Neno moja lilishuka bandari mbili, na leo kijana wa Bahi analikuta likimsubiri ng'ambo ya pili.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye vitenzi. Hapa nitakaa.

Chukua kula. Kijapani ni taberu. Kulisha ni tabesaseru. Kuliwa ni taberareru. Kulishwa ni tabesaserareru. Kiingereza kinahitaji msafara wa maneno kusema alilishwa. Kijapani na Kiswahili vinafanya kwa kuongeza kipande kwenye mzizi, kisha kipande juu ya kipande. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza hufika tabesaserareru akiwa amechoka. Wa kwetu anauliza tu, "Yaani lish-w-a?" na tunasonga mbele.

Au chukua jambo ambalo vitabu hulifanya sura nzima ya kukariri: vitenzi viwiliviwili, kimoja cha kitu kujifanyikia, kingine cha mtu kukifanya. Akeru ni kufungua, aku ni kufunguka. Kowasu ni kuvunja, kowareru ni kuvunjika. Kiru ni kukata, kireru ni kukatika. Naosu ni kutengeneza, naoru ni kutengenea. Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja kwa yote mawili, mlango na aliyeufungua wakigawana kitenzi. Sisi tuna -ka karibu kila mahali. Tena tunaitumia kwa sababu ileile ya kiungwana: fundi hasemi haraka "umeivunja", anasema "imevunjika", na Mjapani naye atasema kowaremashita, lawama ikae pembeni kwanza.

Sasa ile sentensi ya dada. Kaado ni kadi. Soonyuu ni kuingiza. Sarete ni alama ya kutendwa, -w- yetu. Imasen mwishoni ni kukanusha kwa adabu, na ikiungana na sarete inaeleza hali ambayo bado haijawa. Weka pamoja: ha-i-ja-ingiz-w-a. Haijaingizwa. Neno moja la Kiswahili lina kila kiungo cha maneno yao matatu. Mpangilio tu ndio umegeuka: sisi tunatanguliza ukanushi mlangoni, wao wanausubirisha hadi mwisho wa sentensi, ndiyo maana ukimsikiliza Mjapani hutakiwi kumkatiza. Nilipoliona hilo nilikuwa nimekaa ndani ya Noah ya mteja, ufunguo mkononi, nikaizima na kuiwasha tena mara tatu ili dada arudie.

Kisha kuna neno kakeru. Kamusi za Kijapani na Kiingereza hulipatia maana kwa makumi, mwanafunzi akate tamaa. Denwa o kakeru, airon o kakeru, burashi o kakeru. Ukiyapitisha kwa Kiingereza unapata vitenzi vitatu visivyojuana. Kwa Kiswahili ni piga simu, piga pasi, piga burashi. Tunalo neno linalofanya kazi za watu kumi, na wao wanalo, na kwa bahati njema yamegusana hapo. Hayagusani kila mahali. Kupiga picha ni shashin o toru, na kufunga mlango kwa ufunguo, ambako sisi hatupigi chochote, wao ni kagi o kakeru. Nimeweka ukurasa mzima wa kakeru na piga, upande wa kushoto yanapokutana, upande wa kulia yanapoachana, na ndio ukurasa ninaojivunia kuliko yote.

Katika salamu sikufanya kazi kubwa. Mjapani akifika mlangoni husema gomen kudasai; hiyo ni hodi. Akimaliza kula humwambia aliyepika gochisoosama, ahsante kwa chakula. Na lipo neno otsukaresama, ambalo watu wa kazini huambiana wakipishana au wakiagana jioni. Nimesoma aya ndefu za kueleza kwamba neno hili "halitafsiriki". Niliwauliza mafundi watatu waliokuwa wananawa mikono saa kumi na moja jioni: mkimkuta mtu anatoka kazini mnamwambiaje? Wote kwa pamoja: pole na kazi. Nikaandika hivyo. Kamusi nyingi hazina jibu zuri kama hilo, kwa sababu tu hazikuwahi kumuuliza fundi wa Kizota.

Nikaja kwenye ujenzi wenyewe. Hapa nitasema na wale wanaotaka kufanya kazi kama hii kwa lugha nyingine, labda Kikorea, labda Kireno.

Usianze kwa kunakili kitabu cha mtu. Data huria ipo, na ni nyingi. Kamusi iitwayo JMdict ilianza mwaka 1991 mikononi mwa Jim Breen wa Australia, na leo ina maingizo karibu 200,000. Ina maana kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kirusi na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Michoro inayoonyesha mstari upi wa kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, unaandikwa kwanza inatoka mradi wa KanjiVG, ulioanzishwa na Ulrich Apel. Sentensi za mifano zipo Tatoeba, mradi uliofunguliwa na Trang Ho mwaka 2006. Leseni zake zinakuruhusu kutumia na kubadilisha kwa sharti la kutaja ulikotoa, na kwa JMdict na KanjiVG, kwamba ulichoongeza nacho ukiachie wengine kwa masharti yaleyale. Kwangu sharti hilo ni heshima. Kila neno la Kiswahili ninaloandika pembeni ya neno la Kijapani linabaki kuwa la yeyote atakayelitaka.

Kishawishi kilikuwa kuipitisha kamusi nzima kwenye mashine ya kutafsiri, toka Kiingereza kuja Kiswahili, ikamalizika kwa siku moja. Nilijaribu na maneno mia mbili. Naoru ilirudi kama "kuwa bora". Nikaacha. Sasa natafsiri kwa mkono, kutoka Kijapani chenyewe, maneno machache kila jioni, na nimefikisha 1,500 na kidogo. Ni polepole. Lakini neno likishapita gereji likakubaliwa, silirudii.

Niliwalenga wanaojiandaa na JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, unaosimamiwa na Japan Foundation, hasa ngazi za chini, N5 na N4. Ulianza mwaka 1984, na mwaka 2010 ngazi zikapangwa upya kuwa tano. Tangu hapo waandaaji hawatoi orodha rasmi ya maneno wala kanji, kwa hiyo kila "orodha ya N5" unayoiona mtandaoni ni makadirio ya watu, mengi yakitokana na mwongozo wa zamani, ambao ngazi ya chini kabisa ilikuwa na kanji 100 hivi na maneno 800. Nimeliandika hilo wazi kwenye ukurasa wa mbele. Mwanafunzi anayetumia bando lake kusoma anastahili kuambiwa ukweli kuhusu anachosoma.

Bando ndilo lililoamua umbo la tovuti. Fonti kamili ya Kijapani ina MB kadhaa, na kwa anayenunua bando la siku moja, kumpakulisha fonti kabla hajaona herufi moja ni kumdhulumu. Nilikata fonti ikabaki na herufi zinazotumika kwenye masomo tu: kana zote, yaani herufi za silabi, na kanji kama 300. Ikashuka chini ya KB 150. Kisha nikaiwezesha tovuti kujihifadhi ndani ya kivinjari, ukishaifungua mara moja inafunguka tena hata kama huna MB au umeme umekatika na mnara umelala. Kijana wetu huisoma kwenye basi la Bahi, ambako kuna vipande vya njia simu haishiki.

Makosa mawili yaliniumiza, na nayaeleza ili mwingine asiyarudie. La kwanza: sentensi zilikuwa zinakatika katikati kwenye hifadhidata. Si zote, chache tu. Nilizifuatilia siku nne. Kumbe nilikuwa nimechagua usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi, uitwao utf8 kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, ambao licha ya jina lake hupokea herufi za baiti tatu tu. Kanji karibu zote za kawaida ni baiti tatu. Lakini katika kanji 2,136 ambazo serikali ya Japani imeziorodhesha kwa matumizi ya kila siku, ipo moja, 𠮟, ya neno kukaripia, ambayo ni ya baiti nne. Ikifika hapo, hifadhidata yangu ilikuwa inaitupa pamoja na kila kilichofuata. Dawa ni kuchagua utf8mb4. Dakika tano za kazi baada ya siku nne za kutafuta.

La pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilikuwa limeshamfikia mwanafunzi. Kompyuta duniani huhifadhi kanji za Wachina na Wajapani kwa namba moja pale zinapohesabiwa kuwa herufi ileile, hata kama umbo linatofautiana. Simu isipoambiwa lugha ni ipi, hujichagulia. Kijana alikuwa amenakili kwenye daftari lake, kwa kalamu ya bluu, kurasa mbili za herufi 直, ile ya naosu, kutengeneza, neno alilolitaka kuliko yote. Rafiki yangu aliyesoma Japani alilitazama daftari akaniambia, hii ni ya Kichina. Wajapani chini kushoto wanaweka mkunjo kama L. Simu ya kijana ilikuwa inaonyesha mstari ulionyooka. Kurasa mbili! Nilienda kumwomba radhi. Aliniuliza tu ile ya sawasawa ikoje, akafungua ukurasa mpya. Marekebisho yenyewe ni maneno machache kwenye msimbo wa ukurasa, lang="ja", kila palipo na Kijapani. Sasa hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokagua.

Sehemu inayotembelewa kuliko zote haikuwa kwenye mpango. Watu wanataka kuona majina yao kwa katakana, herufi ambazo Wajapani huandikia maneno ya kigeni. Nikaandika kikokotozi kidogo: andika jina kwa Kiswahili, upate katakana. Dodoma ni rahisi, ドドマ. Bahi ni バヒ, Singida ni シンギダ. Kondoa ni コンドア, na hivyo ndivyo Wajapani wanavyoiandika wanapotaja michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Shida iko kwenye l na r, ambazo kwao ni sauti moja, na kwenye ng'. Katakana ya kawaida haina alama ya ng', kwa hiyo ng'ombe anapoteza ung'ombe wake. Cha ajabu sauti yenyewe wanayo: katika matamshi ya jadi ya Tokyo, g iliyo katikati ya neno hutamkwa ng', kagi ikasikika kama kang'i. Wageni wengi hushindwa kuipata. Mtoto wa Kigogo aliyekua anataja jina la mahali kama Ng'hong'hona haoni taabu.

Nisije nikaonekana nasema Kijapani ni chepesi kwetu. Si chepesi. Konsonanti maradufu hatuna: kite ni njoo, kitte ni stempu, na mwanafunzi wangu bado anamwita mtu kwa stempu. Lafudhi ya kupanda na kushuka inatutesa, maana tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa matamshi ya Tokyo, vijiti vya kulia ni hashi sauti ikianzia juu, na daraja ni hashi sauti ikianzia chini. Sisi kila daraja tunaligeuza vijiti. Kitenzi kukaa mwisho kunazoeleka, kwa kuwa hata sisi tunasema "mjomba gari analitengeneza". Lakini kuvaa, ambako kwetu ni kuvaa tu, kwao ni kiru, si ile ya kukata, kwa shati, haku kwa suruali na viatu, kaburu kwa kofia. Na kanji ni kanji. Hakuna lugha itakayokukariria.

Kwa kanji nilitumia makopo ya mjomba. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 mbinu ya kukariri kwa kadi na masanduku: kadi unayoipatia inahamia sanduku linalofunguliwa kwa nadra, unayoikosa inarudi la kwanza. Nilipomweleza kijana alisema ni kama nati, zinazotumika sana zinakaa kopo la karibu. Kwenye tovuti masanduku yanaitwa makopo, matano. Kadi nazo nilizijaza mambo ya hapa. 国会, nchi na kukutana, ni Bunge, na daladala zinapita pale kila siku. 首都 ni mji mkuu, kanji ya kwanza ikiwa na maana ya shingo au kichwa, na mfano wake unasema uamuzi wa kuifanya Dodoma mji mkuu ulipitishwa mwaka 1973. Budoo ni zabibu: Majengo de budoo o kaimashita, nilinunua zabibu Majengo. Kuku wanahesabiwa kwa wa, ng'ombe kwa too, vitu virefu vyembamba kwa hon. Mwenye ngeli kinywani haulizi kwa nini vitu vipangwe makundi, anauliza tu kila kimoja kiko kundi gani.

Wiki iliyopita nilipita Kizota na kompyuta, nina maneno tisa ya kuulizia. Mzee mmoja alikuwa ameleta Noah aliyoitoa bandarini siku chache nyuma. Mjomba akaiwasha kusikiliza injini, na dada akasema yake.

"Huyu anasemaje?" mzee akauliza.

Mjomba alifungua mdomo, kisha akatazama chini ya gari, ambako miguu ya kijana ilikuwa imejitokeza.

"Kadi haijaingizwa, mzee," sauti ikatoka chini. Akajivuta, akasimama, akajifuta mikono. Akainama ndani ya gari, akapapasa chini ya usukani hadi akakipata kile kisanduku, akakifungua na kumwonyesha mzee tundu lenyewe, tupu. Kisha akachukua spana yake akarudi chini.